Kila Kazi Ina Januari Yake

Mazungumzo ya leo nimeyabeba tangu Jumamosi, nilipokuwa dukani kwa Mangi wa mtaani kwetu nikisubiri chenji. Mbele yangu aliingia mtoto wa kike, miaka tisa hivi, kashika chupa tupu ya maji. Akasema, "Shikamoo Mangi. Mama amesema umpimie mafuta ya mia tano, uandike." Mangi hakujibu kitu. Alivuta daftari lake, akapekua mpaka ukurasa wa nyumba ile, akautazama kwa muda, kisha akachukua chupa na kupima mafuta. Ukurasa ulikuwa umejaa hadi pembeni, mpaka maandishi mengine yamepandishwa juu kwa wima. Ilikuwa tarehe 10 Januari.

Nilirudi nyumbani na picha ya ukurasa ule. Tarehe kumi tu, na nafasi ya kuandika imekwisha.

Sisi tumezoea kuuita Januari mwezi dume, kwa sababu ya siku zake 31. Majirani zetu Wakenya wameuita Njaanuari, wakaipandikiza njaa ndani ya jina lenyewe. Lakini Desemba nayo ina siku 31, Machi ina 31, Julai na Agosti zimefuatana na zote zina 31, na hakuna anayezilalamikia hivyo. Basi urefu wa Januari unatoka wapi? Chukua kalenda tuhesabu pamoja. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema ili watu wale sikukuu. Tuseme umelipwa tarehe 20. Mshahara unaofuata utoke tarehe 25 Januari. Kutoka hapo hadi hapo ni siku 36. Mshahara ni uleule wa mwezi mmoja, ila umeambiwa uvuke siku sita zaidi, na katikati yake kuna Krismasi na mwaka mpya.

Hapo bado hatujagusa madai. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hawapokei kodi ya mwezi mmoja mmoja. Wanataka ya miezi mitatu, sita, wengine ya mwaka mzima. Aliyeingia nyumba mwezi Januari au Julai na analipa kwa miezi sita, Januari anadaiwa miezi sita. Chumba na sebule cha shilingi laki moja kwa mwezi kinageuka laki sita kwa siku moja. Wiki hiyohiyo shule zinafunguliwa. Ada katika shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikafutwa pia kwa kidato cha tano na cha sita. Huo ni msaada mkubwa, na nasema hivyo kwa moyo wote, kwa kuwa mimi nimewahi kurudishwa nyumbani kwa deni la ada nikiwa darasani katikati ya kipindi. Lakini sare hainunuliwi na serikali. Viatu, begi, madaftari, nauli, michango ya chakula, vyote ni vya mzazi. Na mtoto anayeanza bweni hupewa orodha: godoro, shuka, ndoo, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi. Wenye watoto wawili wa aina hiyo mwaka mmoja wananielewa. Kwa familia za Kiislamu, miaka hii Ramadhani imesogea hadi karibu na Januari, kwa kuwa kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Kwa hiyo mtu anamaliza kulipia shule, anapumua kidogo, na bei ya magimbi na mihogo ya futari inapanda mbele ya macho yake.

Yapo maneno ambayo nimeyasikia sana mwezi huu, na naomba niyapinge hadharani. Yanasema, "Mlikula sikukuu, sasa kuleni jeuri yenu." Nimeyasikia kwenye daladala, ofisini, hata kwenye mimbari. Si kweli kwamba kila aliyekwama Januari alitapanya Desemba. Mtu wa Rombo anayefanya kazi Dar es Salaam hupanda basi kwenda kwao mara moja kwa mwaka, akamwona mama yake, akazuru kaburi la baba, akawaonyesha watoto mahali walipotoka. Hiyo si anasa. Kilo mbili za mchele wa pilau na gauni moja la mtoto havijawahi kuifilisi nyumba ya mtu. Ukikaa na familia hizi ukahesabu, mara nyingi utakuta sikukuu ilikula sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ilichukuliwa na kodi, shule, na zile siku sita ambazo hazikuwa na mshahara.

Kwa maoni yangu, ugumu wa Januari ni wa tarehe kuliko wa kiasi. Fedha ina kalenda yake ya kuja, madai yana kalenda yake, na mwenye kipato kidogo hakuulizwa wakati kalenda hizo zilipokuwa zinapangwa. Na nikishasema hivyo, naona kwamba Januari ya kwenye kalenda ni hasa ya watu wa mshahara. Kila kazi ina Januari yake.

Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huvua kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, na Januari yake inarudi kila mwezi unapokuwa mpevu. Kijana wa hotelini Nungwi au Paje, Zanzibar, anaijua Januari ya Aprili na Mei, mvua za masika zinapoondoa watalii, hoteli nyingi zikafungwa, naye akaambiwa arudi Juni. Januari ya kalenda haimhusu. Kwa mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, minada ikianza Oktoba fedha inaingia, na Januari inaweza kumkuta bado ana chochote. Kibano chake kiko katikati ya mwaka, Juni, Julai, Agosti, wakati fedha ya msimu uliopita imekwisha na mikorosho inataka kupuliziwa dawa.

Na hapo ndipo penye jambo lililonifanya nizungumze leo. Miezi hii migumu haiishii kumwumiza mtu kwa mwezi wenyewe tu. Inamfuata hadi kwenye miezi yake mizuri na kuichukua.

Mtwara kuna neno kangomba. Ni biashara ya kununua korosho za mkulima nje ya utaratibu, kwa kipimo cha bakuli, kwa bei ya chini, mara nyingi fedha ikiwa imeshatolewa tangu mikorosho haijazaa. Kagera kuna neno butura: mkulima anauza kahawa ikiwa bado maua au matunda mabichi mtini, kwa bei ya mtu mwenye shida, na msimu ukifika anachuma kahawa ambayo si yake tena. Mikoa hii miwili iko pembe mbili za nchi, mmoja kusini kabisa karibu na Msumbiji, mwingine kaskazini magharibi karibu na Uganda, haina lugha moja ya asili wala zao moja, lakini kila mmoja umelazimika kutafuta neno la jeraha lilelile. Na serikali imekuwa ikizipiga marufuku zote mbili kwa miaka mingi. Marufuku ni haki kabisa. Lakini mtu ambaye mtoto wake anaumwa kabla ya msimu, na kahawa au korosho yake ndiyo mali pekee aliyonayo, atauza kilicho mtini, marufuku iwepo isiwepo.

Mimi nimekulia Kongwa, mkoa wa Dodoma. Kwetu mvua ni moja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Miezi yetu ya njaa ilikuwa Januari mpaka Machi, yaani miezi ileile ambayo kazi ya shamba ni nyingi kuliko yote. Kihenge kilikuwa kitupu na palizi ilikuwa inadai. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda wa kukausha, na uwele ukiisha mama alikwenda kulima kibarua kwenye shamba la mtu mwingine ili apate debe la mahindi. Nilikuwa mdogo, nikadhani ndivyo dunia ilivyo. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoona kilichokuwa kinatendeka: kila siku aliyolima kwa jirani, majani yalipanda katika shamba letu. Mavuno yetu yakawa madogo. Mwaka uliofuata njaa ikaanza mapema zaidi, na kibarua kikaanza mapema zaidi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi iliyofanywa Zambia na watafiti Günther Fink, Kelsey Jack na Felix Masiye, iliyochapishwa mwaka 2020, nikahisi kama mtu alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba yetu. Walikwenda wilaya ya Chipata, mashariki mwa Zambia, ambako mvua nayo ni moja kwa mwaka, na kuwakopesha wakulima wadogo chakula au fedha mwezi Januari, warudishe baada ya mavuno. Huko kibarua hicho cha njaa kinaitwa ganyu. Waliopata mkopo walipunguza ganyu, wakakaa zaidi mashambani kwao, wakala vizuri zaidi, wakavuna zaidi. Na kwa kuwa watu wachache walikuwa wakigombania vibarua, hata ujira wa siku ukapanda kwa wale ambao hawakukopa. Wengi mno walirudisha mkopo. Shida ya wakulima hao ilikuwa ya tarehe: msaada wa Julai hauwezi kupalilia shamba la Januari.

Turudi Kongwa. Mama yangu alikuwa akiuza mahindi Juni. Sisi tuko karibu na Kibaigwa, na Kibaigwa kuna soko la mazao ambako malori ya nchi nzima hufika. Juni malori yanapanga foleni, kila mtu analeta magunia, na bei inaanguka. Magunia yenyewe yanashindiliwa lumbesa, yanabinuka juu kama kichuguu, na unalipwa kama gunia moja. Mama aliuza kwa bei hiyo, na Februari alikwenda sokoni palepale kununua debe kwa bei iliyokaribia maradufu. Watu waliosoma walikuwa wakija kijijini kutuambia tusiuze mavuno yote. Mama aliwasikiliza kwa adabu. Lakini Juni alikuwa na deni la Februari la kulipa, na kulikuwa na dumuzi.

Naomba nimzungumzie dumuzi kidogo, maana watu wa mjini hawamjui na kumlaumu mkulima bila kumjua dumuzi ni kumwonea. Ni mdudu mdogo mweusi aliyetokea Amerika ya Kati, akaingia kwetu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kuonekana kwanza upande wa Tabora. Kuna mahali wakulima walimpa jina la Scania, jina la lori. Akiingia kwenye kihenge, kufikia Desemba unakuta unga wa vumbi na maganda. Kwa hiyo mama alikuwa na njia mbili: auze Juni kwa bei mbaya, au aweke na kumlisha mdudu. Aliyemwita mjinga hakuwa ameziona zote mbili.

Leo kuna mfuko wa tabaka tatu, plastiki mbili nene ndani na gunia la kawaida nje. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakishughulika na kunde za wakulima wa Kamerun miaka ya 1980. Unajaza mahindi yaliyokauka sawasawa, unafunga tabaka moja moja kwa kukaza, na wadudu waliobaki ndani wanakosa hewa na kufa. Hakuna dawa inayowekwa. Mama yangu ni mzee sasa, na mwaka jana alifunga mifuko minne. Kila tabaka alilifunga kwa kamba yake, kisha akakaa juu ya mfuko kuhakikisha hausikiki ukitoa pumzi. Dumuzi amepata jibu. Deni la Februari bado halijapata.

Watafiti wengine watatu, Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, walifanya jaribio magharibi mwa Kenya pamoja na One Acre Fund, shirika linalokopesha wakulima wadogo. Matokeo yao yalitoka mwaka 2019. Waliwapa wakulima mkopo wakati wa mavuno, wakati ambao mtu angesema hawauhitaji kwa kuwa ghala limejaa. Lakini ndio wakati ambao mkulima analazimika kuuza ili apate fedha ya shule na madeni. Waliokopeshwa waliyaacha mahindi ghalani, wakauza bei ilipopanda, na mapato yao yakaongezeka. Kwenye maeneo ambako wengi walikopeshwa, hata bei ya sokoni ikatulia, haikuanguka sana wakati wa mavuno wala kupaa sana baadaye, na mpaka asiyekopa akafaidika. Mahindi ni yaleyale na shamba ni lilelile. Kilichobadilika ni tarehe ya fedha.

Msikilizaji, ninaposisitiza tarehe sisemi kwamba mtu hana la kufanya mwenyewe. Analo. Lakini lazima tukubali pia kwamba mwezi mgumu unaingia hadi kichwani. Huko Tamil Nadu, India, wakulima 464 wa miwa walipimwa jinsi wanavyofikiri, kwa maswali ya mantiki na ya umakini, kabla ya mavuno wakiwa hawana kitu, na tena baada ya kulipwa. Ni watu walewale. Kabla ya mavuno walikuwa wazito zaidi na walikosea zaidi. Anandi Mani na wenzake watatu walichapisha kazi hiyo mwaka 2013. Mimi hainishangazi. Nimekaa kwenye mkutano wa kazi tarehe 15 Januari, mtu ananieleza jambo la maana, na kichwani mwangu kinazunguka kitu kimoja: nauli ya kesho, nauli ya kesho, nauli ya kesho.

Ndiyo sababu maamuzi mabaya ya fedha hufanywa sana mwezi huu, na ndiyo sababu wapo wanaousubiri. Tunawajua kwa jina tulilowapa wenyewe: kausha damu. Anakuja na mkopo wa haraka bila maswali mengi. Anachukua kadi yako ya benki au televisheni kama bondi, na unalipa kila siku au kila wiki. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Wa mtaani anakutoza asilimia 20, 30. Chukua laki mbili kwa asilimia 30: mwisho wa mwezi ni laki mbili na sitini. Hukuwa nazo laki mbili, utapata wapi sitini ya juu? Unakopa kwa mwingine. Kufikia Machi una watu watatu wanaokugongea mlango. Wengine wamehamia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo hufungua orodha ya majina kwenye simu yako, na ukichelewa siku moja wanawaandikia ujumbe mjomba wako, mchungaji wako, bosi wako, kwamba wewe ni tapeli. Nimekaa na mama mmoja aliyefanyiwa hivyo kwa deni la shilingi elfu arobaini. Alinionyesha ujumbe huo, halafu akaigeuza simu ikalala kifudifudi mezani na hakuigusa tena mpaka nilipoondoka.

Kwa hiyo kabla ya kukopa Januari, ukikwama kabisa, nenda kwanza kwa yule anayekudai. Hili ni jambo gumu kulifanya, na watu wengi hukimbia. Mwenye nyumba ukimfuata mwezi Novemba na kumwambia, "Baba, Januari nitaleta ya miezi mitatu, Aprili nyingine," kuna nafasi akubali, kwa sababu chumba kitupu hakimlipi. Ukimkimbia mpaka tarehe 20 Januari ndipo akukute koridoni, mazungumzo yatakuwa mengine. Na Mangi pia. Nilimuuliza siku moja ni mteja yupi anamfungia daftari. Akaniambia anamfungia anayebadilisha njia. Asiye na pesa lakini akapita mbele ya duka kila siku na kusalimia, akapunguza hata elfu moja, huyo hamfungii.

Na yapo mambo ya kuanza Oktoba. Fundi cherehani mwezi Oktoba ana nafasi, na sare anashona kwa utulivu. Januari anakupa tarehe tatu na zote za uongo. Madaftari yakinunuliwa kwa dazeni, kidogo kidogo, kuanzia Novemba, Januari hayaonekani. Kibubu cha mbao au cha bati kikae kwa mtu asiyekuwa wewe. Sisemi mambo makubwa. Ninasema kuuchukua mzigo wa wiki moja na kuutandaza katika wiki kumi na mbili.

Jambo la mwisho kabla sijawaeleza habari ya kikoba chetu, na hili naliona kubwa kuliko mengine yote niliyosema. Januari watu hawaambiani ukweli ndani ya nyumba. Baba anatoka alfajiri na kurudi watoto wamelala, ili asiulizwe. Mama anapiga pasi ndefu, anawaambia watoto ameshakula kwa jirani, na watoto wakubwa wanajua si kweli. Kila mmoja anaubeba mwezi peke yake, chini ya paa moja. Nimejaribu njia nyingine nyumbani kwangu kwa miaka mitatu sasa. Tarehe 2 Januari tunakaa mezani, na wanangu wawili wapo. Tunaandika kilichopo na kinachodaiwa. Mkubwa wangu, akiwa na miaka 13, alisema viatu vyake vya mwaka jana vinaweza kushonwa soli. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Aliposema nilitoka nje kidogo nikasimama barazani.

Sasa kikoba. Mimi ni mwanakikundi katika kikoba cha watu 30, wanawake kwa wanaume. Tunanunua hisa kila Jumapili, tunakopeshana wenyewe kwa riba ndogo tuliyoipanga, na fedha ya mfuko wa jamii ni ya misiba na ugonjwa. Sanduku letu la bati lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Kama vikoba vingi, tulikuwa tunavunja Desemba, wiki ya pili. Unapata hisa zako na faida, unakwenda nyumbani na laki nne, tano, nane. Ilikuwa furaha kubwa. Na kufikia tarehe 10 Januari nusu yetu tulikuwa tunaomba mkopo kwenye sanduku ambalo halikuwa na kitu, kwa sababu mwaka mpya wa kikoba ulikuwa haujaanza.

Miaka miwili iliyopita mama mmoja muuza vitumbua alisimama akapendekeza tugawe mara mbili: theluthi moja Desemba, theluthi mbili Jumapili ya pili ya Januari. Kulikuwa na kelele. Kaka mmoja alisema fedha yake ni yake na hapangiwi lini aishike. Ana haki, na sikumpuuza. Dada mwingine, kijana, anaongea kidogo sana kwenye vikao, akasema kwa sauti ya chini kwamba fedha ikifika kwake Desemba ndugu wote wanajua, na hana namna ya kuwanyima. Ikibaki sandukuni anaweza kusema kwa ukweli kwamba hana. Baada ya hapo kelele zilipungua. Tulipiga kura: 17 walikubali, 11 walikataa, wawili hawakuinua mkono. Yule kaka hakuondoka kwenye kikundi. Alichukua theluthi yake Desemba kama wengine.

Jumapili hii, siku moja baada ya yule mtoto na chupa ya mafuta, ndiyo ilikuwa siku ya mgawo wa pili. Tulikusanyika saa nne asubuhi chini ya mwembe wa mwenyekiti. Mwenye ufunguo wa tatu alichelewa, alikuwa na mtoto kliniki, tukamsubiri saa nzima na hakuna aliyenung'unika. Sanduku likafunguliwa, majina yakasomwa, kila mtu akahesabu mbele ya wenzake na kuweka sahihi. Nilipopita kwa Mangi wakati wa kurudi, niliwakuta watu wanne wa kikundi chetu wamesimama dukani, na Mangi kashika rula, anapiga mstari mwekundu ukurasa baada ya ukurasa.

Nyumba ya yule mtoto haimo kwenye kikoba chetu. Niliwaza njiani, nikageuza, nikaenda kubisha hodi kwao. Mama yake alinikaribisha kwenye stuli, akabaki amesimama. Nilimweleza habari ya kikundi, wala sikutaja duka. Akaniuliza hisa moja ni shilingi ngapi. Nikamwambia elfu tano, na mwaka mpya wa kikoba unaanza Jumapili ya kwanza ya Februari. Hakujibu mara moja. Alitazama chini, akaanza kuhesabu Jumapili kwa vidole.